Moshi wa Tabaka la Tatu

Kila asubuhi, kabla wageni hawajafika, Rozina alifagia ngazi za shimo la wanaakiolojia kutoka juu kwenda chini: tabaka la kwanza la vigae, la pili la majivu, la tatu la tanuru la kuyeyushia chuma lenye miaka mia saba. Jumatatu hiyo ufagio ulikwama kwenye miguu ya mama mmoja aliyeketi tabaka la tatu, akikohoa.

"Shikamoo," Rozina alisema, kwani mama huyo alikuwa mkubwa kwake.

"Marahaba. Moshi umejaa nyumbani kwetu. Nani alibomoa tanuru?"

Kweli, moshi ulikuwa ukifuka ardhini. Wanafunzi kutoka Mpui walifika, wakamwamkia yule mama, wakasoma kibao: *Tanuru hili liliharibiwa kwa uzembe wa mlinzi, Theodory.*

Rozina alijua zaidi ya kibao. Mwaka jana, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, kabla shimo halijachimbwa, aliona hapa kituta kimeota majani, na jembe liko kando. Mikono yake ikafanya kama ilivyofunzwa nyumbani: tuta lililoozesha majani huvunjwa na kutawanywa, ulezi upandwe. Alipofikia udongo mwekundu uliochomwa, alikuwa ameshachelewa. Mzee Theodory alifukuzwa siku ileile. Rozina aliogopa, akanyamaza.

Sasa alimwandikia mkuu wa kituo barua ya kukiri. Mkuu aliisoma, akaikunja.

"Kibao kimeshachorwa, Rozina. Na mlinzi mpya ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Unataka mimi nilale wapi?"

Kesho yake moshi ulizidi.

"Barua haisikiki huku chini, binti," alisema yule mama. "Sema."

Alhamisi Mzee Theodory alipita na baiskeli yake kutoka Katandala, akasimama kwenye ua wa miti kuchungulia, kama ilivyo kawaida yake.

"Mnakausha wageni kwa moshi humo?" alitania.

Rozina alipanda ngazi, ufagio mkononi.

"Shikamoo babu. Lile... lile tuta..."

"Tuta gani tena?"

"Harakisha," mama alikohoa chini, "tusije tukafa mara ya pili."

"Tanuru nililivunja mimi, babu. Nilidhani ni tuta la ulezi. Ukafukuzwa wewe, nami nikanyamaza. Nisamehe."

Moshi ulinyooka, ukapanda, ukaisha. Yule mama alivuta pumzi ndefu, akarudi ndani ya udongo. Kibao kilibaki palepale na jina la Theodory. Shemeji wa mkuu alisinzia getini.

Mzee Theodory alishika ua kwa mikono miwili.

"Kila Alhamisi napita hapa, mjukuu wangu," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniambie hivyo."