Ganda la Mama Mkwe

Mume wangu anatengeneza miguu ya bandia, na ni fundi kwelikweli. Nalisema hilo hata siku ambazo sisemi naye. Tuko karakana moja. Kazi yangu ni kuchunga joto. Resini, ile gundi ya majimaji, ikishachanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, na kulowekwa kwenye vitambaa vilivyovikwa umbo la plasta, huanza kupata joto yenyewe. Joto hupanda, halafu hushuka. Likishashuka na kutulia ndipo ganda, ile sehemu ya mguu inayovikwa kwenye kigutu, limeiva. Nyaya nyembamba huniletea habari zote kwenye skrini, nami ndiye ninayesema toa au acha.

Siku hiyo ganda lilikuwa la mama mkwe wangu. Tangu akatwe mguu anaishi nasi, na kila tulipogusia mguu wa bandia alitukata kauli: "Niacheni na magongo yangu." Safari hii alikubali kwa sharti. Angejaribu mara moja tu. Ganda likimuumiza, tusimtajie tena. Namjua. Akishasema hapana, hata umpigie magoti.

Basi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, magongo mapajani, akitukodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Mume wangu, ambaye huwahudumia watu bila papara, siku hiyo alikuwa hatulii. Masalia ya resini yalikuwa kwenye kopo mezani. Akayagonga kwa ukucha. Yalikuwa magumu kama mfupa.

"Imeiva hii," alisema, akachukua kisu.

"Weka kisu chini."

"Si unaona kopo?"

"Kopo halivaliwi na mtu. Mle resini imejaa, imejipasha moto ikaganda upesi. Kwenye ganda ni nyembamba, joto bado linapanda. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Mama amechoka kusubiri."

"Ukilitoa sasa litapinda, limchubue, na hapo ndiyo basi tena. Liguse uone!"

Akaweka kisu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na nilipomwona hivyo hasira zikaniisha. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtoto wa mama yake, nami nilimpenda kwa hilo.

Mama mkwe alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Mbona una haraka hivyo, mwanangu?" aliuliza. "Nikishatembea mwenyewe, mnanirudisha kwangu?"

Muda wote ule tulidhani anaogopa maumivu! Nilimjibu mimi, tena kwa ukali, kama kawaida yangu.

"Urudi wapi, mama? Uniache na huyu peke yangu? Nani atanisaidia kumsema?"

"Si kwamba nawachosha?"

"Unatuchosha sana," nilisema. "Na huendi popote."

Alijifuta macho kwa upindo wa mtandio wake. "Sasa mbona hamkusema?"

"Mbona hukuuliza?" alisema mwanawe, akaenda kukaa karibu naye kwenye benchi. Hakugusa tena kisu mpaka joto liliposhuka na kutulia, nami nikamwambia atoe.

Alilitoa ganda kwa kisu, akasaga kingo, akalainisha ndani kwa kiganja, akaunga mguu. Kisha akapiga magoti akamvika mama yake. Mama akasimama katikati ya vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, akivishika kwa nguvu.

"Panauma?"

"Nyamaza kwanza nijisikilize."

Alitembea hadi mwisho wa vyuma. Akageuka, akarudi, safari hii akivigusa kwa vidole tu. Alipotufikia aliviachia kabisa, akanishika mkono.

"Mama, unaweza mwenyewe," mume wangu alimwambia.

"Najua," alisema, na hakuniachia.