Mashavu ya Mama Mkwe

Mimi ni muuzaji wa duka la dawa, si mfamasia, ingawa mtaani wananiita Daktari nami huitika. Kuitika huko ndiko kulikoniponza.

Mama mkwe alihamia kwetu akilalamikia magoti. Nikamhesabia vidonge vya steroidi, nikavitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika juu yake: vitamini za mifupa, viwili asubuhi. Dawa ile hutolewa kwa cheti cha daktari, tena kwa siku chache. Mimi nilimpa mwaka mzima. Wiki ya kwanza tu alikuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mwezi wa pili mashavu yakamjaa.

"Mama, umekuwa mpira!" jirani alimtania. "Huyu mkweo anakulisha nini?"

"Mapenzi tu," alijibu, akacheka.

Nilijua fika mashavu yale si ya chakula, ni ya dawa. Nikanyamaza, maana sifa ni tamu, na kwa miaka sita mwanamke yule hakuwahi kunisifia hata chai.

Kisha akaanza kuhema akifunga vifungo vya gauni. Miguu ikavimba, viatu vikamkataa. Usingizi akawa anaupata akiwa ameketi. Nikamkimbiza hospitali, na daktari akampima moyo kwa mashine.

"Moyo umechoka kusukuma damu," alisema. "Presha iko juu, mwili umejaa maji. Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna, baba. Vitamini tu za mifupa. Ananipa mkwe wangu huyu."

Daktari akanigeukia. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto. Ningeweza kuitikia, ndiyo, vitamini. Lakini dawa ile ikikatwa ghafla inaweza kumuua, na hilo nililijua. Nikachomoa bahasha kwenye mkoba wake.

"Si vitamini," nilisema. "Ni steroidi. Mwaka mzima."

Daktari hakunifokea. Aliuliza kipimo, akaandika. "Tutazipunguza kidogo kidogo. Moyo unaweza kupata nafuu, lakini siahidi."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Nilikudanganya."

Alinitazama, pumzi zikimkatika. Halafu akamgeukia daktari.

"Mwanangu anakuja saa kumi," alisema. "Akikuuliza, mwambie ni uzee."

Heri angenizaba kibao.