Blauzi Kumi na Moja Zilizopwaya

Kwa miaka ishirini na sita fundi yule hakuwahi kurudishiwa nguo, na kama hukulijua jambo hilo basi hujawahi kukaa kwenye benchi la chumba chake cha kushonea hata kwa dakika tano. Alikwambia bila kuulizwa. Alikwambia pini zikiwa mdomoni, huku akikuzungushia futi yake ya utepe kifuani: "Kurudishiwa? Mimi? Labda urudi wewe kunishukuru, lakini nguo hairudi." Majirani walishachoka na wimbo huo, ila walikiri kwamba haukuwa na chembe ya uongo.

Binti yake aliurithi ule mdomo, tena akauongezea. Aliongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya sentensi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Chuoni, alikokuwa mwaka wa pili wa masomo ya habari na filamu, jina hilo lilifika kabla yake.

Muhula ule walipewa kazi ya kutafiti na kupanga kionjo cha filamu ya kutisha, yaani zile dakika mbili zinazoonyeshwa mapema ili watu waitamani filamu yenyewe. Walitakiwa kupanga tu, kwenye karatasi. Kati ya mipango thelathini ungechaguliwa mmoja, na mwenye mpango huo ndiye angekabidhiwa kamera ya chuo na kuwaongoza wenzake. Waliobaki wangembebea taa na nyaya. Chiriku alikuwa amebeba nyaya mwaka wa kwanza wote, mpaka bega likaota sugu. Aliitaka kamera ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Basi akajifungia na vionjo hamsini na viwili. Akahesabu kila kimoja kina picha ngapi, mayowe mangapi, damu inaonekana sekunde ya ngapi. Kisha akachora visanduku vyake, picha baada ya picha: paka mweusi, mlango unaolia, mwanamke aliyefunikwa uso na nywele, na damu ya kutosha kupaka ukuta wa bweni. Mwalimu wa filamu alikuwa mzee mfupi ambaye wanafunzi walimpachika jina la Ushahidi, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Akafunua kurasa zote taratibu, akavua miwani.

"Binti, umenichorea vitu vilivyowatisha watu wengine, mahali pengine," alisema. "Hapa kwetu nani ataviogopa? Ushahidi uko wapi?"

Akampa wiki mbili arudi na jibu.

Chiriku akachapisha hojaji arobaini, akazigawa sokoni, kituo cha mabasi na kwenye benchi la mama yake. Swali kubwa lilikuwa: unaogopa nini? Watu thelathini na tisa wakaandika kwamba hawaogopi kitu. Wa arobaini, muuza nyama, akaandika kwamba anaogopa maswali kama haya. Chiriku akazirusha karatasi mezani juu ya vitambaa, akaanza kulalamika. Alilalamika mpaka mama yake akasimamisha cherehani.

"Tatizo lako unaiuliza midomo," mama alisema. "Mtu akija hapa ananiambia kiuno chake ni ishirini na nane. Namwambia, sawa dada yangu. Nafunga futi, nasoma thelathini na tatu, naandika thelathini na tatu. Sibishani na mtu mimi. Na ukishamzungushia futi kifuani, unajua hata anavyopumua. Ikipigwa honi hapo nje akashtuka, kifua kinajaa, namba inaruka. Lazima nisubiri kishuke ndiyo niandike."

Chiriku akanyamaza. Mama akainua uso kumtazama, maana binti yake kunyamaza lilikuwa jambo la kutilia shaka.

"Mama," akasema hatimaye, "wale akina mama wa kwaya wanakuja kupimwa lini?"

Walikuja Jumamosi asubuhi, kumi na wawili, kupimwa blauzi za tamasha. Chiriku aliwaomba ruhusa kabla: wakati wanapimwa atawasikilizisha sauti tatu kwa ajili ya utafiti wa chuo, na baadaye watajaza hojaji. Walikubali kwa shangwe. Mwenyekiti wao, mama wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akatangaza kwamba yeye hajawahi kuogopa kitu tangu azaliwe, na kama kuna anayebisha ajitokeze.

Sauti ya kwanza ilikuwa yowe la mwanamke. Ya pili, mlango wenye kutu. Ya tatu Chiriku hakuitoa kwenye kionjo cha mtu. Aliirekodi mwenyewe, nyumbani: cherehani ya mama yake ikienda chumba cha pili, ikienda, ikienda, kisha ikisimama ghafla katikati ya mshono. Alipokuwa mtoto alilala kwa mlio ule. Ulipokatika ghafla, alizinduka na kukaa kitandani akisikiliza, akijiuliza mama amepatwa na nini. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mama.

Mama akafunga futi, akasoma kwa sauti. Chiriku akaandika katika safu tatu. Kwa yowe, akina mama walicheka na namba hazikusogea. Kwa mlango, mmoja alisema utiwe mafuta. Lakini cherehani iliposimama, vifua vilijaa vikabaki vimejaa, inchi moja, inchi moja na nusu, na cha mwenyekiti inchi mbili kasoro. Mmoja tu hakutikisika, bibi mmoja mwenye masikio mazito aliyeimba kwa kufuata midomo ya wenzake. Kisha wakakaa kujaza hojaji. Wote kumi na wawili wakaandika: sikuogopa.

Chiriku alicheza peke yake jikoni siku ile. Akaviraruararua visanduku vyote vya zamani, akachora upya. Msichana anashona vifungo sebuleni, mama yake ameketi karibu naye, na wote wawili wanasikia cherehani ikienda katika chumba kilichofungwa. Wanatazamana. Hakuna yowe wala damu. Cherehani inasimama, picha inabaki nyeusi kwa sekunde saba, basi.

Jumanne kwaya ikaja kujaribu blauzi.

Kwa kweli ilikuwa aibu. Blauzi zilipwaya kifuani, zikaning'inia makwapani, vifungo vikalegea. Akina mama wakawa wanavutana nyuma kwa vidole kuonyesha nafasi iliyobaki. "Fundi," mwenyekiti akasema, "umetushonea sisi au umewashonea dada zetu wakubwa?" Bibi mwenye masikio mazito peke yake ndiye iliyemkaa barabara. Alikuwa akijigeuza mbele ya kioo, hana habari na zogo.

Fundi alikusanya blauzi kumi na moja, akaomba siku tatu, akawasindikiza wateja mpaka mlangoni. Kisha akakaa kwenye benchi la wageni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa.

Chiriku alifungua madaftari mawili, lake na la mama, akayaweka sambamba. Hakuhitaji muda mrefu. Jumamosi ile mama alikuwa ameshika futi mikono yote miwili, kwa hiyo hakuandika. Jioni alinakili vipimo kutoka daftari la binti. Katika maisha yake yote ya ushonaji, fundi akipima mara tatu, ya mwisho ndiyo sahihi. Akachukua safu ya tatu.

"Mama, umezishona kwa woga wao!" Chiriku akapaza sauti, furaha imempanda kichwani. "Huu ndio ushahidi! Nikiwaonyesha hizi blauzi pale chuoni, mwalimu hana la..."

Akauona uso wa mama yake, akaishia hapo.

"Miaka ishirini na sita," mama alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi. "Hizi nitazipunguza kimyakimya. Lakini wewe usiende kunitangaza huko, mwanangu. Jina langu ndilo hilo moja tu. Niahidi."

Chiriku akaahidi. Ilikuwa ahadi ngumu kwa mtu mwenye mdomo kama wake, na aliitoa akijua kabisa anaachia nini.

Ijumaa saa nne ukumbi mdogo wa chuo ulijaa. Chiriku alibandika michoro yake ukutani, akaeleza. Alieleza vizuri, hata wale wenye vichekesho vyao nyuma wakatulia. Alieleza namna futi inavyopima pumzi, akaonyesha safu tatu. Ushahidi akasogea karibu, akazisoma namba moja baada ya nyingine huku kalamu ikigonga kidevu.

"Wazo ni zuri," alisema. "Zuri sana. Lakini namba hizi umeziandika mwenyewe, na hojaji zako zinasema hakuna aliyeogopa. Nikuamini wewe, au niwaamini hao kumi na wawili? Ushahidi, binti."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Angesema neno moja tu, blauzi, na kila kitu kingejieleza. Aliiona kamera juu ya meza, ndani ya mkoba wake mweusi, hatua nne tu kutoka alipo. Akaufunga mdomo. Wenzake waliomjua wakaanza kunong'onezana, maana Chiriku kukosa neno lilikuwa jambo lisilowahi kutokea.

"Sina," akasema.

"Anao," sauti ikajibu kutoka mlangoni. "Anao, ila nimemkataza."

Fundi aliingia na futi yake shingoni, blauzi moja mkononi, na nyuma yake mwenyekiti wa kwaya akihema kwa ngazi. Alitembea kati ya viti akiwa ameinua kidevu, kama anakwenda kupokea tuzo, lakini Chiriku aliona jinsi vidole vyake vilivyokibana kile kitambaa.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama yake, na ni fundi," akasema. "Nimeshona miaka ishirini na sita sijarudishiwa nguo. Wiki hii nimerudishiwa kumi na moja. Kumi nimeshazipunguza. Hii ya mwisho asubuhi nilishaishikia mkasi wa kufumulia, mkono ukakataa. Nilimwambia mwanangu asiniaibishe. Sasa najiaibisha mwenyewe, ninyi tazameni tu."

Akaeleza kosa lake, lote, safu ya tatu na kila kitu, bila kujipaka mafuta. Kisha akamvalisha mwenyekiti ile blauzi juu ya nguo yake nyepesi, akamfunga vifungo, akaingiza viganja viwili kati ya kitambaa na kifua. Vikapita bila taabu. Wanafunzi wakacheka.

"Mimi sikuogopa lakini," mwenyekiti akasema kwa sauti yake ya kwaya. "Niliandika kabisa. Na hiyo sauti nimeshaisikia, hainibabaishi."

"Chiriku," mama akasema, "weka."

Mtu akavuta mapazia. Chiriku akabonyeza. Cherehani ikaanza kwenda mle ukumbini, chumba ambacho kila mtu alijua hakina cherehani. Ikaenda. Mwenyekiti akatabasamu, mikono kiunoni. Ikaendelea kwenda, muda mrefu kuliko ile Jumamosi, na tabasamu likaanza kupungua, kwa sababu safari hii alijua itasimama, ila hakujua lini. Hakuna aliyekohoa. Ushahidi aliacha kugonga kidevu.

Ikasimama.

Kifua cha mwenyekiti kikajaa. Kikajaa na blauzi nayo ikajaa, makwapa yakakaza, vifungo vikajipanga mstari mmoja, mabega yakakaa pale mabega yanapotakiwa kukaa. Haikuwa na mkunjo mahali popote. Fundi akajaribu kuingiza kidole kimoja kati ya kitambaa na kifua. Hakikupita.

"Sikukosea kupima," alisema polepole, na macho yakamjaa machozi. "Nilimpima mwanamke aliyeogopa, nikamshonea, na imemkaa."

Mwenyekiti ndipo alipokumbuka kupumua, akaomba kiti.

Ushahidi akauchukua ule mkoba mweusi mezani, akampelekea Chiriku mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida aliwaachia wasaidizi. "Swali moja tu," akasema. "Kwenye ukurasa wa utafiti umeandika jina lako peke yako. Ni sahihi hiyo?"

Chiriku akaomba kalamu. Chini ya jina lake akaandika: Vipimo vyote na Mama, fundi wa nguo. Herufi zikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Ile blauzi haikupunguzwa. Mwenyekiti alishonewa nyingine, na ya kwanza inaning'inia mpaka leo ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayekaa kwenye benchi ataiona. Hata asipoiona ataambiwa. Ataambiwa bila kuuliza, pini zikiwa mdomoni na futi ikiwa kifuani mwake: "Miaka yote hii nimerudishiwa nguo kumi na moja tu, na zote kumi na moja kwa sababu ya mwanangu. Simama wima, dada. Pumua."