Tundu la Kipandio cha Sita

Boma letu lilijengwa na Wajerumani, lakini mawe yake yaliletwa kwa kichwa na babu yangu, Mzee Mughwai, pamoja na wenzake waliokamatwa vijijini. Kwa hiyo mimi nililijua jengo lile kabla sijaingia ndani. Babu alitueleza jinsi walivyopasua majabali ya vilimani: wanawasha moto juu ya jiwe mpaka lipate joto la kutosha, halafu wanamwaga maji, nalo linalia paa! Alitueleza kwamba ukuta wa Boma si ukuta mmoja, ni kuta mbili zilizosimama sambamba, na katikati walijaza kokoto, udongo na chokaa, mpaka unene ukafika hatua moja kubwa ya mtu mzima.

Kwenye kona ya kaskazini kuna mnara. Mnara una mlango wake peke yake, unaofungukia uani: mbao za mninga, misumari yenye vichwa vikubwa kama vifungo vya koti, na ufunguo mmoja tu, mrefu kama kiganja changu. Ukiingia unakuta ngazi ya mawe inayopinda, vipandio kumi na tisa, kila kimoja kimelika katikati. Ukutani kuna matundu matatu ya bunduki. La kwanza liko kipandio cha sita, linatazama uani. La pili liko kipandio cha kumi na tatu, linatazama mlima. La tatu liko juu kabisa kwenye chumba, linatazama barabara ya kwenda Sekenke. Tundu la namna hiyo kwa ndani ni pana, unaweza kuingiza mabega yote mawili. Kwa nje ni mwanya tu, upana wa vidole vinne. Aliye ndani anawaona watu wote, aliye nje anaona ufa mweusi ukutani.

Waingereza walipokuja waliongeza bati na kupaka chokaa nyeupe. Ulipofika Uhuru tulibadilisha bendera na picha za ofisini. Mlango wa mnara ulibaki ule ule, na chumba cha juu kikawa cha kuwekea mafaili ya zamani.

Mwaka 1968 nilikuwa mfagizi pale Bomani. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Alute, mtoto wangu wa kwanza kupona. Mume wangu Paulo alikuwa Sekenke akitafuta kazi kwenye mashimo ya dhahabu. Kila asubuhi nilimwacha Alute kwa wifi yangu Anastazia, dada yake Paulo, kisha saa nne nilikimbia nyumbani kumnyonyesha, na saa nane nikitoka kazini nikamnyonyesha tena. Maziwa ya ng'ombe alikuwa hayawezi. Mara mbili tulijaribu, mara mbili alitapika na kuharisha mpaka utosi ukabonyea. Mganga wa zahanati aliniambia waziwazi, "Mama Alute, huyu akiharisha hivi mara ya tatu sitakuwa na la kufanya. Ziwa lako ndiyo dawa yake."

Basi siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba, ule upepo wetu wa baridi unavuma toka alfajiri. Jumanne ilikuwa tupokee mgeni kutoka mkoani, naye alikuwa ametuma salamu kwamba angependa kupanda mnarani aangalie nchi. Nikaambiwa nikasafishe. Jumamosi kazi inaisha saa sita, kwa hiyo ile safari ya saa nne sikwenda. Nilisema moyoni nitamaliza mapema, nitakaa na mwanangu mchana wote.

Nilipanda na ndoo ya maji, matambara, na mti mrefu wa kutolea utando wa buibui. Nikafagia chumba, nikapangusa makabati. Karibu saa sita maziwa yakawa yamejaa, matiti mawe matupu, gauni limelowa mbele. Nikaona nijikamue kidogo nipunguze maumivu. Nikafungua vifungo, nikainama kwenye kona.

Ndipo nikasikia sauti ya karani chini mlangoni. "Kuna mtu huko juu?"

Sasa, karani wetu, Mzee Bonifasi, ambaye leo namtaja kwa kuwa ni marehemu, alikuwa mdogo wake baba mkwe wangu. Yaani naye ni mkwe. Kwetu, enzi zile hasa, mwanamke hakai chumba kimoja na mkwe wake, hamtaji jina, akikutana naye njiani anapisha kando na kujifunika. Pale kazini tulikuwa tunaishi kwa shida, mimi nikifagia chumba yeye anatoka, akiingia mimi natoka. Nami nilikuwa kifua wazi, maziwa yanachuruzika mpaka tumboni. Niliogopa kwamba nikiitika atapanda. Nikabana pumzi. Nikasema ngoja nifunge vifungo kwanza, nitashuka.

Vifungo vilikuwa vitano. Nilikuwa kwenye cha tatu niliposikia ufunguo ukizunguka.

Nikashuka mbio. Nikapiga mlango kwa viganja, nikapiga kwa ngumi. Mninga ule unene wake ni vidole vinne, hata mimi mwenyewe niliona sauti ya ngumi zangu inazama mlemle. Nikarudi juu kwenye tundu la barabarani. Mzee Bonifasi alikuwa ameshapanda baiskeli, koti limejaa upepo mgongoni, anaelekea barabara kuu. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda kwa mwanawe Singida Mjini, anasali Jumapili huko, na kurudi Jumatatu asubuhi. Nikaingiza kichwa na mabega kwenye tundu. Nimwiteje? Jina siwezi. Nikaita "Baba! Ee, Baba!" Upepo ukalirudisha neno mdomoni mwangu. Baiskeli ikapotea nyuma ya mikonge.

Hapo ndipo nilipoelewa lile jengo. Ninyi mnaoliona leo mnasema lina kuta nzuri, za baridi. Mimi nilikaa ndani yake nikaona lilivyofikiriwa. Uani hakuna nyumba ya karibu, maana Mjerumani alizivunja zote apate kuona mbali. Matundu yalifanywa membamba ili kitu chochote kisipenye. Nilipiga kelele kwenye tundu la mlimani, yakanijibu majabali. Nilipiga kelele kwenye tundu la barabarani, wanawake wawili wakapita na mizigo ya kuni, mmoja akageuka, akaangalia juu, akaongeza mwendo. Watu walikuwa wanasema kwamba mnara ule una sauti za waliofungiwa zamani na wasitoke. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisema hilo nikicheka.

Nikakaa kipandio cha sita. Nikahesabu. Alute amenyonya alfajiri. Sasa saa nane. Sasa, kwa kuangalia kivuli cha mlingoti wa bendera, saa kumi. Anastazia atakuwa amembeba mgongoni, anamzungusha, anamwimbia. Mwisho atachoka. Na maziwa ya ng'ombe yako pale ndani, ndani ya kibuyu, nyuma ya mlango. Yeye hakuwepo mganga aliposema yale maneno. Nilimwambia, lakini nilimwambia juu juu, kama mtu anavyosema jambo ambalo analisimamia mwenyewe. Mpaka Jumatatu! Nililia, kisha nikaacha kulia kwa sababu kulia kulikuwa kunavuta maziwa, yanamwagika bure kwenye jiwe.

Ndipo nikakumbuka bendera.

Vijana hamkuyaona haya. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, tarishi anatoka na filimbi. Akipuliza, kila mtu anayesikia anasimama palepale alipo. Mwenye baiskeli anashuka. Aliyebeba maji anasimama na ndoo yake kichwani. Hakuna kusema, hakuna kukohoa, mpaka bendera ishuke yote na filimbi ipulizwe mara ya pili. Mwaka ule ule Fabiano muuza ndizi alitembea hatua nne tu, akalala mahabusu siku mbili. Basi nikasema, wakati ule ndio pekee ambao watu wote watakuwa kimya. Upepo jioni unapungua. Nikipiga kelele pale, watanisikia. Na kelele wakati wa bendera ni kosa, hilo nilijua, lakini nitafungwa wapi zaidi ya hapa?

Tarishi wetu alikuwa Mazengo, Mgogo mrefu, mtani wetu sisi Wanyaturu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nilimwona anakuja. Nilimwona anapuliza. Kupitia ule mwanya wa uani niliona, nje ya lango, barabara nzima ikisimama: mzee na mbuzi wake, mwenye baiskeli, wasichana na ndoo. Kukawa kimya hata nikasikia kamba inavyogonga mlingoti.

Nikavuta pumzi nipige kelele. Lakini kuna mtu alinitangulia. Mtoto alilia.

Mama anajua. Ile ilikuwa sauti ya Alute, imekauka, ya mtoto aliyekwisha kulia siku nzima. Anastazia alikuwa amekuja kunitafuta, filimbi ikamkamata kwenye lango la uani, kasimama na mwanangu mgongoni kama wote. Maziwa yakatoka yenyewe. Nikaingiza mabega tunduni, nikaita:

"Anastazia! Usimpe maziwa ya ng'ombe! Niko mnarani!"

Watu walisikia. Niliona vichwa vinageuka, miguu haigeuki. Mazengo alikuwa katikati ya kamba, bendera imefika nusu, macho yamemtoka. Hawezi kuachia, hawezi kusema. Nikaita tena. Na hapo wifi yangu, ambaye alikuwa anaogopa hata mjumbe wa nyumba kumi, akaanza kutembea. Alikatisha uani mbele ya bendera, mbele ya watu wote, kanga inaburuta, mtoto analia, akaja mpaka chini ya tundu.

"Wifi? Ni wewe kweli au ni wale wengine?"

"Ni mimi! Nimefungiwa. Amekula nini?"

"Hajala kitu. Nilikuwa nimeshachemsha maziwa, nikaona ngoja kwanza nije nikuulize."

Filimbi ya pili ikalia. Mazengo akaja mbio, bendera imekunjwa kwapani.

"Nyie Wanyaturu!" akasema. "Mlimjengea Mjerumani nyumba ya kula watu, sasa inawala wenyewe. Ufunguo uko wapi?"

"Kwa mkwe," nikasema. "Kaenda nao Mjini."

Watu wakajaa. Mmoja akasema tuvunje mlango. Mazengo akasema mlango wa serikali hauvunjwi bila idhini, na hata kwa idhini, mninga ule nani wa kuuvunja? Akamtuma yule mwenye baiskeli amfuate karani. Huyo akasema atarudi naye kesho asubuhi, kama pancha haitamkuta njiani.

"Mtoto hafiki asubuhi," nikasema. "Mazengo, mtani wangu, nakuomba. Sikia anavyolia."

Alisikia. Wote tulisikia, maana kilio kilikuwa kimeanza kuwa kidogo.

Akaenda barazani akaleta lile benchi la watu wanaosubiri mashauri. Anastazia akakimbia nyumba ya kwanza barabarani, akarudi na kibuyu kirefu chembamba cha samli, kimeoshwa kwa maji ya moto, na kijiko. Mazengo akapanda juu ya benchi, akakisukuma kibuyu kwenye mwanya. Kilipita, kikikwaruza pande zote mbili. Lakini ukuta ule! Yeye mkono wake uliishia kwenye kiwiko, mimi wangu uliishia katikati, na vidole vyetu havikufikiana. Nikapanda kuchukua ule mti wa buibui, nikakivuta kibuyu kwa ncha yake.

Nikakaa kipandio cha sita nikakamua. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikakifunga kibuyu kwenye mti kwa tambara, nikakisukuma polepole mpaka nikasikia mtu akikishika.

"Nimekipata," Mazengo akasema. Kisha akanong'ona, "Kina joto."

Nilimsikia Anastazia akimnywesha kwa kijiko chini ya ukuta. Nilimsikia Alute anapaliwa, anakohoa, analia kwa hasira, halafu hasikiki. Nikauliza, "Vipi?" Nikauliza tena kwa nguvu.

"Anakunywa," wifi akasema. "Niache nimpe, utanimwagisha."

Kibuyu kilikwenda na kurudi mara tano mpaka asubuhi. Mtu mmoja akamwuliza Mazengo kama ataandika ripoti ya mwanamke aliyetembea mbele ya bendera. Akajibu, "Mimi nilikuwa naangalia juu. Anayeshusha bendera anaangalia juu. Sikumwona mtu."

Mkwe alifika Jumapili jua limekwisha panda, suruali ina vumbi mpaka magotini. Nilisikia ufunguo. Nikajifunika kanga mpaka usoni, nikasimama kipandio cha kwanza. Alifungua mlango, akageuka akanipa mgongo nipate kupita.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba. Niliita, mwanangu. Mbona hukuitika?"

Gauni langu lilikuwa limekauka mbele, limekakamaa kwa maziwa, na kifungo kimoja hakikuwepo. Sijui kama aliona. Nilipita, nikamchukua mwanangu, nikaketi kwenye lile benchi nikamnyonyesha palepale uani.

Jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka anakufa. Ila tangu siku hiyo, kabla ya kufunga mnara, Mzee Bonifasi alipanda vipandio vyote kumi na tisa kwa miguu yake mibovu. Na alianza kukohoa akiwa bado nje ya mlango, kwa nguvu, akikohoa kila kipandio, taratibu sana, ili aliye juu apate muda wa kufunga vifungo.