Zege la Siku Nne

Kikao cha ukoo kilikaa saa tano asubuhi, siku ya kuanua matanga, na watu wawili waliokuwa wakisikilizwa walikuwa bado wanatoka damu. Pelagia, mjane wa Anania fundi seremala, alikuwa amepasuka mdomo. Habonimana, mdogo wake marehemu, alikuwa amefungwa kipande cha kanga mkononi, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo patasi ilikuwa imeingia ikagota kwenye mfupa. Aliyeanza kupiga ni Habonimana; hilo halikubishaniwa. Alipiga kwa sababu Pelagia alikataa kumpa ufunguo wa sanduku la vifaa. Patasi ilikuwa juu ya sanduku.

Anania alikuwa amekufa wiki moja kabla. Lori la mbao za mninga lilipinduka kwenye mteremko likitoka Kumsenga, naye alikuwa amekaa juu ya mzigo. Walimtambua kwa mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu. Viwili vilikwenda na msumeno wa mashine mwaka 2016. Pelagia, aliyeiendesha mashine hiyo hiyo kwa miaka sita bega kwa bega na mumewe, alikuwa na vidole kumi.

Makarius, katekista mwenye miaka sabini na mmoja na mkubwa wa ukoo, aliwasikiliza wote kwa saa moja, kisha akasimama.

"Mtu mmoja," alisema, "mikono yake mwenyewe, bila kufungua kitu na bila kusaidiwa. Kifaa cha marehemu atakachokitoa nje ya mlango ni cha ndugu yake. Kitakachobaki ndani ni cha nyumba. Jumamosi ya pili kuanzia leo, mimi nikiwa shahidi."

"Mlango upi?" aliuliza Pelagia.

"Mlango wa mahali kilipo."

Habonimana alicheka. Alikuwa mpagazi wa soko la Kasulu, na watu walikuwa wamemwona akipandisha gunia la lumbesa la kilo mia na hamsini juu ya ubao hadi kwenye bodi la lori. "Mzee, hapo mmenipa vyote. Shemeji, wewe utabaki na kuta na buibui."

Makarius aliwaapisha wote wawili kwamba hakuna atakayemgusa mwenzake tena. Waliweka mikono juu ya kitabu cha nyimbo, kwa kuwa Biblia ilikuwa imebaki kanisani.

Karani wa mahakama ya mwanzo alimweleza Pelagia kwamba mirathi ingeweza kufunguliwa, na kwamba ingechukua miezi. Habonimana angekuja Jumamosi. Bila mashine, Pelagia angerudi kupalilia mashamba ya watu pale Kagerankanda, kama alivyofanya kabla hajaolewa. Kwa hiyo aliamua kuhamishia karakana nyumbani, na kuijenga hivi kwamba mtu mmoja asiweze kuitoa.

Alichagua chumba cha nyuma walichokuwa wakihifadhia mahindi, mita nne kwa tano, sakafu ya udongo, dirisha moja lenye nondo. Mlango wa ndani aliuziba kwa matofali, na upande wa uani alibomoa ukuta akaacha uwazi wa sentimita mia na kumi. Jumatatu ya kwanza alichimba mashimo manne ya kina cha sentimita arobaini, akasimamisha humo miguu ya benchi la mninga, akaimiminia zege. Juu ya benchi alifunga jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, kwa bolti mbili. Alivuta waya wa umeme kutoka sebuleni, akaweka swichi upande wa kulia wa mahali mashine ingesimama, usawa wa kiuno, ili mtu aizime bila kunyoosha mkono juu ya msumeno. Anania alikuwa akiiweka kushoto.

Mashine yenyewe ilichelewa. Ilikuwa mjini Kasulu, kwenye banda la kupanga, na mwenye banda alikuwa amesafiri na ufunguo. Ilifika Jumanne ya wiki ya mwisho. Njiani Pelagia aliipitisha kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi: kilo mia na sitini na nane. Ilikuwa kilo kumi na nane tu juu ya gunia lile la sokoni. Jioni hiyo hiyo iliwekwa mahali pake, miguu yake minne ikafungwa kwa bolti ndefu zilizozama kwenye zege bichi.

Zege linahitaji siku saba ili lianze kushika kweli, na ishirini na nane ili liaminike. Pelagia alikuwa na siku nne. Alikwenda kwa Makarius kuomba wiki moja.

"Zege si ndugu wa marehemu," alisema Makarius. "Jumamosi ni Jumamosi."

Alhamisi asubuhi Pelagia alikwaruza zege kwa msumari. Msumari uliacha mfereji. Akajua halitashika. Alichukua futi akapima mashine upande wake mwembamba zaidi: sentimita themanini na moja. Kisha akaanza kujenga ule uwazi wa ukutani kwa matofali ya kuchoma na udongo, akaingiza fremu ya mkaratusi mbichi kwa kuwa mkavu hakuwa nao, na kufikia saa kumi mlango ulikuwa na upana wa sentimita sabini na sita. Ijumaa aliwapeleka binti zake wawili kwa mama yake.

Habonimana alifika Jumamosi saa tatu na pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, dereva akiwa wa kukodi. Makarius alikuwa ameshakaa uani kwenye kigoda, karibu na mlango. Kazi ya kwanza ilichukua robo saa. Habonimana alitoa sanduku la vifaa, misumeno ya mkono, randa tatu, nyundo, keekee ya kutobolea, makopo ya gundi. Pelagia alisimama kando akitazama vikipita. Dereva aliondoka na mzigo huo kwenda mjini, arudi kuchukua mwingine.

Benchi halikutikisika. Habonimana alilikumbatia, akalisukuma kwa bega, akalipiga teke.

"Wewe mwanamke, umepanda benchi kama muhogo?"

"Vuta, shemeji. Labda limeiva."

Makarius alikohoa, au alicheka. Habonimana alichukua spana iliyokuwa dirishani akaanza kufungua bolti za jiliwa.

"Bila kufungua kitu," alisema Pelagia, akashika mkono wake.

Habonimana alimpiga na spana ileile mdomoni, mahali palipokuwa pameanza kupona. Pelagia alianguka kwa magoti. Alitema, na meno mawili yakatoka kwenye damu, moja zima na moja nusu. Habonimana akampiga teke la mbavu, kisha la pili, akihema, akisema, "Patasi! Nipige tena na patasi! Iko wapi patasi yako?"

"Habonimana!" Makarius alisimama mlangoni. "Rudisha spana. Kikao kilisema bila kufungua."



Habonimana alitupa spana. Aliigeukia mashine, akavua shati. Alichuchumaa, akapitisha mikono chini ya meza ya chuma, akavuta. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea isipokuwa mishipa ya shingo kutoka nje. Mara ya pili sakafu ilitoa mlio mkavu. Mara ya tatu bolti zote nne zilichomoka, kila moja ikining'iniza bonge la zege la kijivu lililokuwa bado na unyevu kati, na mashine ikapanda hadi kifuani mwake.

"Mzee umeona?" alisema kwa sauti iliyobanwa. "Mtu mmoja!"

"Nimeona. Bado mlango."

Alitembea hatua sita. Mashine iligonga fremu kushoto na kulia, ikakwama.

"Mlango huu umejengwa lini?"

"Alhamisi," alisema Pelagia kutoka sakafuni.

Habonimana angeweza kuitua. Alirudi hatua mbili akaja nayo kwa kasi, kilo mia na sitini na nane na uzito wake mwenyewe, akaigonga fremu. Vumbi la udongo lilimwagika. Akarudi tena, akagonga. Udongo uliokuwa kati ya matofali ulikuwa na siku mbili. Mara ya tatu fremu ilipasuka, matofali ya upande wa kulia yakaangukia uani, Makarius akaruka nyuma, na mbele ya mashine ikatoka nje ya kizingiti. Habonimana alikanyaga kipande cha zege. Mguu uliteleza, akaanguka chali, na upande wa nyuma wa mashine, wenye mota, ulishuka juu ya mguu wake wa kulia. Bolti moja iliingia chini ya goti, ikapita kando ya mfupa wa muundi baada ya kuuvunja, ikasimama kwenye sakafu.

Ukelele wake ulisikika hadi barabarani, ingawa barabarani hapakuwa na mtu; ilikuwa siku ya gulio. "Mawe wee! Mawe!" Alimwita mama yake kwa Kiha, na mama yake hakuwa hai.

Mashine ilikuwa imekaa hivi: nusu ya mbele imeinamia uani juu ya kizingiti, nusu ya nyuma imelala juu ya mguu. Ilikuwa imeziba mlango wote. Makarius hangeweza kuingia, na ngiri yake ya mwaka uliopita haikumruhusu kunyanyua hata ndoo. Pelagia aliinuka kwa kushika benchi. Kwenye kona kulikuwa na mtaimbo aliochimbia mashimo, urefu wa mita moja na nusu. Aliuchukua.

"Sukuma nje!" alisema Makarius. "Weka chini ya mota, sukuma! Itapinduka yenyewe huku!"

Ilikuwa kweli. Msukumo mmoja tu, na mashine ingeangukia uani, na mguu ungekuwa huru.

"Ikiangukia huko ni ya nani?" aliuliza Pelagia.

"Pelagia, mtu anakufa!"

"Mzee, sema ni ya nani."

"Siwezi kubadili neno la kikao peke yangu," alisema Makarius.

"Nimekuachia!" Habonimana alipiga sakafu kwa kiganja. "Nimekuachia yote, shemeji, chukua yote, sukuma!"

"Uliapa hutanigusa. Meno yangu ndiyo hayo chini."

Aliupitisha mtaimbo chini ya mota, lakini alianza kuinyanyua wima, kwa vipande, jinsi mafundi wanavyoinua paa lililobonyea. Aliweka tofali la kuegemeza, akabonyeza mtaimbo kwa kifua kwa sababu mbavu za kushoto hazikumruhusu kutumia mkono, mashine ikapanda kidogo, akasukuma kwa mguu kipande cha ubao wa mninga chini yake. Akatoa mtaimbo. Akaweka tofali la pili juu ya lile la kwanza. Akabonyeza tena. Kila mara mashine ilipopanda, bolti ilipanda nayo ndani ya nyama, na Habonimana alipiga ukelele mwingine. Safari ya tatu alimkamata Pelagia kifundo cha mguu akamwangusha. Mtaimbo uliruka, mashine ikashuka ikalia juu ya mbao zilizokwisha kuwekwa. Pelagia aliamka, akamkanyaga vidole mpaka vikaachia, akaendelea.

"Wewe ni shetani," alisema Habonimana.

"Usitikisike."

Uani, Makarius alikuwa anasali kwa Kiha, haraka haraka, huku akitazama saa yake ya mkononi. Baadaye alipoulizwa kwenye kikao alisema zilikuwa dakika kumi na moja.

Vipande vinane vya mbao vilitosha. Ncha ya bolti ilitoka ikiwa nyekundu, na kitu cheupe juu yake. Pelagia alimshika kwapani akamvuta hadi chini ya benchi, akachomoa mkanda wa suruali ya shemeji yake akamfunga juu ya goti, akakaza kwa kipini cha brashi mpaka damu ikaacha kuruka. Kisha akarudi kwenye mashine. Alihamisha mtaimbo upande wa pili, akaukita kwenye kizingiti, akavuta kuelekea ndani. Mashine iliteleza juu ya zile mbao na kuanguka ndani ya chumba kwa kishindo kilichopasua sahani ya swichi ukutani.

Makarius aliingia kupitia mlango uliovunjika. Alimtazama Habonimana, aliyekuwa amezimia. Pelagia alimpa futi.

"Pima, mzee."

"Sasa hivi?"

"Wewe ndiye shahidi."

Alichuchumaa, akapima. Ukingo wa mashine ulikuwa sentimita tisa ndani ya kizingiti.

Dereva wa pikipiki ya mizigo alirudi baada ya nusu saa na ndiye aliyempeleka Habonimana hospitali. Mguu ulikatwa chini ya goti siku iliyofuata. Kikao kilikaa kwa mara ya pili na kusema mashine na benchi ni vya nyumba, na vilivyotoka vimetoka. Polisi walichukua maelezo ya pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa na meno mawili na mbavu, upande wa pili ulikuwa na mguu, na ukoo uliomba yaishe.

Makarius alipita Kagerankanda, nyumbani kwa Pelagia, mwezi uliofuata. Alisimama uani akitazama matofali mapya.

"Ungeweza kusukuma," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekutetea kwenye kikao."

"Hukusema hivyo, mzee. Nilikuuliza."

Makarius akaomba maji, akanywa, akaondoka.

Pelagia alichimbua zege lote bovu na kumimina jipya: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto, maji machache. Alilimwagilia kila asubuhi, akalifunika kwa magunia. Doa la damu lilikuwa limeingia kwenye udongo wa sakafu, naye alilimiminia zege juu. Hakugusa swichi kwa siku ishirini na nane. Mlango aliujenga kwa saruji safari hii, fremu ya mninga mkavu, na upana aliuacha ule ule, sentimita sabini na sita, kwa sababu Anania alikuwa na kaka mwingine. Siku ya ishirini na tisa alikwaruza zege kwa msumari. Msumari ulipinda. Akawasha mashine.