Ubeti wa Nne wa Mwalimu Herman

Naandika haya kwa moyo mzito, kama impasavyo mtu aliyefukuzwa bwenini hapa Melbourne kwa kosa la kuwazidishia wenzake ibada. Nilibandika tangazo la siku ya kufunga isiyokuwamo katika kalenda yoyote ya Kiyahudi, wanafunzi sabini wakashinda na njaa mpaka saa tisa alasiri. Wapo waliosema hawajawahi kumkaribia Mungu kiasi kile. Mwalimu Herman, mlezi wa bweni, hakuwa miongoni mwao. Alinipeleka kwa shangazi yangu, akasema nitapata jibu baada ya sikukuu yetu ya Purimu: nirudi bwenini, au nirudishwe moja kwa moja kwa wazazi wangu, Perth, upande wa pili wa Australia.

Sasa, Purimu ndiyo siku mwanafunzi anaruhusiwa kumpasha mwalimu wake kwa wimbo mbele ya watu wote, naye mwalimu hana budi kukaa kimya ale keki. Mimi naheshimu mila. Nilitunga beti nne: tatu za vijembe, bila kutaja jina, wa nne wa shukrani, na humo jina nikalitaja mara nne.

"Anshel, umechizi?" aliuliza Ozer, mpiga akodiani wangu. "Mtu kashika shingo yako, wewe unamtekenya?"

"Ubeti wa nne utampoza."

"Na asipofika huo wa nne?"

"Wewe piga akodiani, baba."

Basi mchana wa karamu nikapanda jukwaani na ndevu za pamba, nikaimba kwa mahadhi ya sala ya toba, yale yanayowaliza watu wazima:

*Yupo bwana bwenini, hunusa soksi mlangoni,*
*Akikuta tundu moja, huitisha kikao ofisini.*

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu Herman alitafuna keki yake ya pembe tatu bila kuonyesha jino. Nikafika ubeti wa nne, nikaweka mkono kifuani.

"Herman, homa iliponi—"

Krrrrr!

Asubuhi ile tulikuwa tumesomewa kitabu cha Esta, na kila lilipotajwa jina la Hamani, yule mwovu aliyetaka kutumaliza, watoto walizungusha vidude vyao vya mbao na kupiga miguu ili jina lisisikike. Walikuwa bado wana moto. Na sisi wa Australia tunaimeza hiyo *r* ya katikati. Kinywani mwangu, Herman alitoka Hemani.

"Herman, ulinipi—"

Krrrrr!

Herman wanne, ghasia nne. Shukrani zote zikazama. Kilichobaki ni kwamba nilimtukana mlezi wangu beti tatu, kisha nikamwita Hamani mbele ya watu mia mbili.

"Umekwisha, ndugu yangu," Ozer alininong'oneza, vidole vikiendelea kucheza.

Mwalimu Herman alijipangusa makombo, akaniita koridoni kwa kidole.

"Huo wa mwisho ulisemaje?"

"Mwalimu, haki ya Mungu, sikusema Hamani!"

"Najua. Nazomewa kila Purimu tangu nina miaka sita. Nauliza ulisemaje."

"Nimwite Ozer na akodiani?"

"Bila akodiani. Na vua hizo ndevu."

Kumpasha mtu hadharani si kazi. Lakini kumshukuru ana kwa ana, kidevu kitupu, bila mahadhi!

"Nilipougua, ulikaa nami siku mbili," nilisema nikitazama viatu vyake. "Ulinipikia supu. Ilikuwa na chumvi mno. Niliinywa yote. Sikusema asante. Asante, Mwalimu."

"Chumvi imo kwenye wimbo?"

"Hapana. Hiyo imenitoka tu."

Aligeukia ukuta. Mabega yalimtikisika, na hakuwa akilia.

"Lete begi lako kesho asubuhi. Sasa rudi ukaimbe huo ubeti wako. Mara hii niite Feivel."

"Feivel ni nani?"

"Ni mimi, mpumbavu wee."

Miaka mitatu, sikuwahi kujua kwamba ana jina la kwanza. Nikarudi jukwaani nikaimba, na watu mia mbili wakanyamaza kimya, wakitaka kujua huyo Feivel ni nani.