Kulewalewa

Mwalimu wa masomo ya jioni alimgawia kila mmoja neno lake, atafute lilikotoka. Jirani yangu wa dawati alipata "ufunguo". Mimi nikapata "kulewa". Darasa likacheka, nami nikacheka nikiinamia daftari. Baba yangu, fundi cherehani, mtaani walimwita Fundi Yumba.

Miezi saba sasa alikuwa hajaonja pombe. Jioni hiyo mlezi wa mwanangu aliugua, nikamwachia baba mtoto kwa mara ya kwanza, chumbani kwake, kati ya marobota ya vitambaa.

"Nenda, mama," aliniambia. "Utatukuta wazima."

Kwenye kamusi ya darasani, chini ya "lewa", nilikuta "lewalewa": kuyumba huku na huku. Njia nzima neno likanifuata. Nguo kwenye kamba zililewalewa, taa ya dukani ililewalewa, hata kivuli changu ukutani hakikutulia.

Nilipofika dirishani kwake nikakiona kivuli kingine nyuma ya pazia. Kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikashika fremu ya mlango.

Niliingia bila hodi, nikamsogelea baba karibu mno.

"Nanuka nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mafuta ya cherehani."

"Na maziwa. Amenitapikia mara mbili. Sasa nipishe, nimembembeleza saa nzima. Ukimwamsha, ni wako."

Mwanangu alikuwa kifuani pake, shingo imelegea, mdomo wazi, tone la maziwa kidevuni.

"Mtazame mlevi wako," baba akanong'ona. "Chupa moja tu, chali."

Nilikaa juu ya robota, aibu na furaha vikinipanda pamoja. Yeye aliendelea kuyumba, taratibu, kana kwamba chumba kizima kimo mikononi mwake.

"Baba, kulewa kulianzia wapi?"

Alifikiri bila kusimama. "Mimi naona kulianzia hapa hapa. Mtu alibebwa, akayumbishwa, dunia ikawa laini. Akikua anaitafuta tena. Wengine tunakosea mlango."

Nikafungua daftari. Mwalimu alitaka na sentensi ya mfano, na nilikuwa nimeacha mstari mtupu. Nikaandika: Mtoto amelewa, babu yake amembeba.

"Kesho kutwa una darasa?"

"Ninalo."

"Basi mlete."

"Na mlezi wake akipona?"

"Akipona," alisema baba, akigeuka polepole na mzigo wake, "apumzike."